Mkanda wa Elfu Ishirini Ulivyoua Injini ya Milioni

Jamani, najua nimepotea. Wiki tatu sijaandika kitu humu, na wengine mmeshaanza kunitumia meseji kuuliza kama nimedisko. Sijadisko. Nilikuwa gereji. Yaani mtoto wa mwaka wa tatu uhandisi mitambo, nina test mbili na ripoti ya maabara haijaguswa, halafu wikiendi tatu mfululizo nimelala chini ya Corolla ya bamdogo kule Kimara. Grisi imeingia mpaka kwenye kucha. Rumeti wangu kanipangia ndoo yangu peke yangu ya kufulia, hataki kabisa nichanganye.

Leo naomba kutoa la moyoni. Hoja yenyewe ni ndogo, ila imetugharimu pesa nyingi pale nyumbani: mtu anapobadilisha injini ya gari, puli na mikanda ya mbele ni vitu vya kupima mwanzoni kabisa, injini ikiwa bado iko chini. Sisi tunaviacha mwisho, gari ikishawaka, watu wamechoka na kila mtu anataka arudi kwake. Hapo ndo majanga yanapoanzia.

Sasa nisikilizeni.

Bamdogo anaendesha Corolla 110 kubeba abiria wa kwenye simu. Gari ilikuwa na injini ya 5A, imechoka, inakula oili kuliko petroli. Akajichanga, akaenda Gerezani, akanunua 7A ya mtumba kutoka Japani. Kwa wasiojua, hizi ni ndugu wa ukoo mmoja wa injini za A za Toyota. 5A ina cc 1498, 7A ina cc 1762. Fundi akamwambia bamdogo, "Mzee, hii inakaa kama ilizaliwa humo." Na kwa kweli ilikaa. Ikafungwa siku mbili, ikawaka kwa mara ya kwanza, pilau likapikwa.

Tatizo ni kwamba ile injini ilinunuliwa tupu. Haina altaneta, haina pampu ya stelingi, haina kompresa ya AC. Muuzaji alitaka laki moja na ishirini zaidi ili auze na vitu vyake vyote vya mbele. Bamdogo akaona, ah, si ninavyo vyangu kwenye injini ya zamani? Fundi naye akasema vinahamishika. Tusimlaumu mtu hapa. Mimi mwenyewe nilikuwepo, na nilitikisa kichwa kukubali kama mtaalamu.

Siku ya pili tu asubuhi gari ikaanza kulia. Cwi, cwi, cwi, kama kifaranga kimepotea mama yake. Fundi akapaka sabuni ya kipande kwenye mkanda, ikanyamaza siku moja. Ikarudi. Akabadilisha mkanda. Wiki mbili, ikarudi. Akaweka washa nyuma ya breketi ya altaneta "kuisogeza mbele kidogo". Ikapungua, halafu mkanda ukaanza kutoa nyuzi pembeni. Akaweka mwingine, mrefu kidogo, maana ule "ulikuwa umebana sana". Ndani ya wiki sita mikanda mitatu, kila mmoja kama elfu ishirini. Bamdogo akawa amezoea ule mlio. Abiria wakiuliza anawaambia gari inaimba.

Halafu ikaja ile Alhamisi.

Saa nne na nusu usiku simu inalia. Nipo kitandani napiga msuli, kesho yake nina test. Bamdogo.

"Shikamoo bamdogo."

"Marahaba mwanangu. Niko hapa Kibamba natoka Kibaha. Taa ya betri imewaka kwenye dashibodi. Nifanyeje?"

Nikamuuliza, stelingi ni nzito? Akasema hapana, nyepesi kama kawaida. Nikafikiri kidogo, kile kidogo cha mtu anayejua nusu. Stelingi ni nyepesi, maana yake mikanda ipo. Kwa hiyo altaneta ndo imekufa. Nikamwambia, "Zima AC na redio, punguza matumizi ya umeme, njoo nayo taratibu mpaka nyumbani. Betri itakufikisha."

Nilikosea. Kwenye ile injini pampu ya stelingi ina mkanda wake peke yake. Altaneta inashea mkanda mwingine, na mkanda huo huo ndo unaozungusha pampu ya maji. Pampu ya maji ya hizi injini za A haiendeshwi na taiminibelti kama kwenye injini nyingine nyingi. Mkanda wa altaneta ukikatika, unapoteza chaji na unapoteza mzunguko wa maji kwa pamoja. Taa ya betri pale ilikuwa inalia kwa niaba ya rejeta.

Jibu sahihi lilikuwa moja tu: zima gari, fungua boneti, mulika na simu. Sekunde kumi. Mi nikampa ruhusa ya kuendesha.

Alifika Mbezi mshale wa joto uko juu. Hakusimama. Nilipomuuliza kesho yake kwa nini, akanijibu bila hasira hata kidogo, "Si wewe ulisema ni altaneta? Nikajua injinia kashasema." Hayo maneno yananichoma hadi leo. Injini ilizima yenyewe kabla ya Kimara Mwisho. Hedi imepinda, gasketi imeungua, na silinda ya tatu ina michirizi unaipapasa kwa kidole. Injini ya zaidi ya milioni, imedumu wiki sita.

Pesa ya injini nyingine ilitoka wapi? Sehemu ni ada ya muhula ya mdogo wangu, mtoto wa bamdogo, ambaye kwa sasa yuko nyumbani anasubiri. Sehemu ni bumu langu. Kama mmeniona kafeteria nakula wali maharage tu mchana na jioni nakunywa chai, sijaokoka wala sipunguzi mwili. Ndo hivyo.

Kabla hatujanunua nyingine nikasema hapana, kwanza nijue nini kiliua mikanda. Tukaishusha ile maiti, nikaazima rula ya chuma na kipimo cha venia kutoka kwa jamaa mmoja wa darasani. Nikaenda kukaa nayo chini ya mwembe, mimi na fundi.

Mikanda ya magari ya sasa ina mistari kwa ndani, na puli zina mifereji inayolingana nayo. Umbali kutoka mstari mmoja hadi mwingine kwenye mikanda ya namba za PK ni milimita 3.56. Ukiona imeandikwa 4PK 900, maana yake mistari minne, urefu milimita 900. Mkanda wetu ulikuwa 4PK. Altaneta mifereji minne, pampu ya maji minne. Puli ya krenki iliyokuja na ile 7A ilikuwa na mifereji MITANO.

Mnaona inapoelekea? Mkanda wa mistari minne kwenye mifereji mitano unaweza kukaa sehemu mbili, kwa nje au kwa ndani. Fundi aliangalia kwa jicho, akaona ukingo wa nje wa puli ya krenki uko sawa na ukingo wa nje wa altaneta, akauvisha kwa nje. Lakini ukingo wa puli hauendeshi kitu. Puli ya altaneta ina ukingo mnene, mifereji yake inaanzia ndani zaidi. Kwa hiyo mkanda ulikuwa unatembea mfereji mmoja pembeni, milimita tatu na nusu hivi, kila mzunguko, mamia ya mizunguko kwa dakika.

Milimita tatu na nusu ni nini? Ndo na mimi nilivyosema. Tukapima kutoka krenki mpaka altaneta, kama milimita 250. Ukipiga hesabu hiyo ni pembe ya karibu nyuzi 0.8. Kanuni ya siku nyingi ya watu wa mikanda ni kwamba puli zisipishane zaidi ya milimita moja na nusu hivi kwa kila sentimita 30, yaani kama nyuzi 0.3. Sisi tulizidi karibu mara tatu. Halafu ile washa iliyowekwa kwenye bolti moja tu ya breketi ikaiinamisha altaneta, ikawa sasa haijapishana tu, imepinda pia. Mkanda unaingia kwenye puli kwa ubavu, unajisugua, unalia, unapata moto, unachanika.

Tukauhamisha ule mfereji mmoja kwa ndani, tukaondoa washa, nikaweka rula. Ukanyooka.

Bei ya kuhamisha mkanda mfereji mmoja ni shilingi sifuri. Fundi alikaa kimya muda mrefu. Akawasha sigara, akasema, "Dogo, mi nafunga injini mwaka wa kumi na tano huu." Basi. Sikumjibu, maana na mimi darasani nimeshachora mikanda miwili mitatu, nimekokotoa mvuto wa upande uliokaza na upande uliolegea mpaka desimali ya nne, na sijawahi hata siku moja kuhesabu mifereji ya puli ya kweli.

Hapo ndo lilipo la moyoni. Fundi ana sikio na mkono, hana rula. Mi nina fomula, sina sikio. Ule mlio ulikuwa unatuambia ukweli wiki sita nzima, na hakuna kati yetu aliyeusikiliza. Mmoja aliupaka sabuni, mwingine alikuwa anakariri kwa ajili ya UE.

Na mlio una maana yake, jamani. Mkanda unaolia cwi cwi kwa vipindi, mara nyingi puli hazijanyooka. Unaolia mfululizo kama nguruwe, hasa ukikanyaga mafuta au ukiwasha taa na AC, mara nyingi umelegea unateleza. Ukitaka kuhakikisha, chukua chupa ya kupulizia maji, gari ikiwa inaunguruma taratibu, puliza kidogo upande wa mistari. Mikono na nguo mbali, tafadhali. Mlio ukinyamaza kwa muda halafu ukarudi, puli zimepishana. Ukizidi kuwa mkali, mkanda unateleza, angalia ukazaji. Kipimo hicho ni cha bure na kingetuokolea milioni. Sabuni inafanya kinyume, inaziba mdomo wa anayetaka kukwambia kitu.

Sasa injini ya pili. Safari hii tuliinunua na uso wake: puli ya krenki, pampu ya maji, altaneta na breketi zake zote, vimetoka kwenye gari moja. Hapa kuna mtu atasema, "Wewe unaongea kwa kuwa umeshapata pesa, mtu wa kawaida ananunua tupu kwa sababu hana." Naelewa, na hata mafundi wana haki yao. Mteja anataka bei ya chini na gari kesho asubuhi. Fundi akisema nahitaji nusu siku ya kupima, mteja anahamia gereji ya jirani. Lakini hesabu zetu ndo hizi: tulikwepa laki na ishirini, tukalipa mikanda mitatu, injini nzima na muhula wa mtoto. Umaskini ndo sababu ya kupima mara mbili. Tajiri anaweza kukosea akanunua nyingine.

Na kama huna jinsi, lazima uchanganye vifaa, kuna njia. Sisi wenyewe pampu ya stelingi ilibidi itoke kwenye injini ya zamani, na ilikaa nyuma milimita 2.5. Tulichofanya:

Kwanza, tulipima injini ikiwa chini. Rula ya chuma kwenye puli ya krenki, halafu unapima mfereji kwa mfereji kwenda kwenye kila puli, siyo ukingo kwa ukingo. Ukishaingiza injini kwenye gari, upande ule wa mbele mkono hauingii, rula haiingii, unabaki na jicho. Na jicho ndo limetufikisha hapa.

Pili, badala ya kurundika washa, tulikwenda kwa fundi wa kukereza vyuma, akatukatia vikombe vya chuma vya unene sawa kabisa, milimita 2.5, kimoja kwa kila bolti ya breketi. Ukisogeza, sogeza bolti zote sawa, la sivyo unapindisha. Na bolti zikawa fupi, tukanunua ndefu. Bolti iingie kwenye chuma angalau kiasi cha unene wake yenyewe. Kwenye alumini iwe mara moja na nusu au zaidi. Kwenye puli ya krenki yenyewe usiweke washa hata moja, ile inabeba mtikisiko wa injini nzima.

Tatu, urefu wa mkanda. Darasani tunayo fomula: 2C + 1.57(D + d) + (D − d)² gawanya kwa 4C. Nzuri, ila ni ya puli mbili. Pale mbele kuna puli tatu, wakati mwingine nne. Tukachukua uzi usiovutika, tukauzungusha kwenye njia ya mkanda, altaneta ikiwa imesogezwa kama theluthi moja ya safari yake ya kukazia, tukaupima. Ukinunua mkanda unaokaa vizuri wakati kikazio kimeshafika mwisho, siku ukilegea huna pa kukazia. Na usiende dukani na urefu wa injini ya zamani kichwani. Kwenye 7A pistoni inasafiri milimita 85.5, kwenye 5A ni 77, na bloku imerefushwa kwenda juu. Kifaa chochote kilichofungwa kwenye hedi kiko mbali zaidi na krenki kuliko ulivyozoea.

Nne, puli ya krenki ya mtumba ikague. Ile ni vyuma viwili vimeunganishwa na mpira katikati. Mpira ukizeeka, chuma cha nje kinaanza kuteleza au kuyumba, na hata upange puli nyingine vipi mkanda utaruka tu. Tulichora mstari mmoja wa rangi kupita vyuma vyote viwili. Baada ya siku mbili za kuendesha ukiona mstari umekatika, kipande huku kipande kule, puli imekufa. Wetu bado umenyooka.

Mwisho, gari ikishawaka, usiku ule ule weka maji kwenye chupa, puliza, sikiliza. Halafu mwonyeshe dereva kwa vidole mkanda upi unazungusha nini. Bamdogo sasa anajua: taa ya betri ikiwaka, anazima gari kwanza ndo anapiga simu. Kanambia tena nisimjibu kabla sijamuuliza kama ameona mkanda.

Corolla imerudi barabarani tangu Jumatatu. Hailii. Bamdogo anasema kimya chake kinamtisha, kila baada ya safari tatu anafungua boneti kuhakikisha.

Nina ombi kwa wenzangu wa uhandisi. Msimu wa PT unakuja, wote tunakimbilia viwanda vikubwa vyenye kiyoyozi, tunarudi na ripoti iliyodeswa. Wiki moja tu, nenda gereji ya mtaani na rula yako na venia yako. Usiende kufundisha. Kaa pale, shika tochi, mwulize fundi anasikia nini, halafu mwombe akuruhusu upime. Yule fundi wetu safari hii alipofunga mkanda aliniita kabla ya kukaza. Akasema, "Lete lile chuma lako." Nikaweka rula, yeye akainama akaangalia. Tukakubaliana wote ndo akakaza.

Mdogo wangu bado yuko nyumbani. Bamdogo anahesabu, akipata wiki nne nzuri ataweza kumrudisha. Kila usiku ananitumia meseji moja tu ya alichopata siku hiyo, na mi naandika kwenye daftari lile lile la fomula za mikanda, ukurasa wa nyuma.

Naomba kuwasilisha. Test ya Jumatano inanisubiri, na mwalimu kashasema mikanda imo.